Uzito wa Nyuma

Faraja mwanangu,

Umekwenda kusuka, na kwa jinsi ninavyomjua huyo msusi wako na mdomo wake, hutarudi hapa kabla ya magharibi. Nimefunga mlango, nimekalia lile tairi letu lenye mto, nakuandikia kwa kalamu yako ya kujifunzia Kichina kwa sababu yangu imekauka wino. Barua hii nitaichomeka ndani ya begi lako kubwa, katikati ya makoti. Kesho kwenye treni ya Hong Kong usiitafute. Utalia mbele za watu, na wewe ukilia macho yanavimba kama umeumwa na nyuki. Isome ukishafika kwa mama yako mdogo, umekula na umelala.

Habari za kula, kuvaa na kusali sitaziandika. Nimezisema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Kama hazijaingia kwa masikio, hazitaingia kwa macho. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ile pikapu.

Najua umekunja uso. Juzi nilipoitaja tu uliniambia, "Mama, ni theluji tu. Kule hata mabibi vizee wanaendesha humo humo." Nikanyamaza, ukadhani umenishinda. Hukunishinda, nilikosa neno. Mimi niliyeendesha gari kwenye tope la Makete tangu hujang'oa meno ya utoto, mimi ambaye wanaume walikuwa wananipisha njiani huku wakinisimanga, nimekosa neno la kumwambia mwanangu juu ya gari. Theluji sijawahi kuiona, Faraja. Nimeona sakitu ya asubuhi kule Kitulo, ile inayochoma majani ya viazi yakawa meusi, basi. Hapa Guangzhou wenyewe baridi ikizidi wanavaa sweta na kulalamika. Kwa hiyo unakwenda mahali ambapo ujuzi wangu wote unaishia mlangoni, na hilo linanitesa kuliko hata kuondoka kwako.

Ilianza na ile simu ya mama yako mdogo Tumaini. Alikuwa na furaha, na mimi nilifurahi naye. Mdogo wangu ametoka Makete kwa unesi wake hadi Kanada, sasa anamvuta mwanangu naye akasome, nani asingefurahi? Chuo kimepatikana, chumba kipo nyumbani kwake, na kazi ya kulipia ada imepatikana: kila asubuhi kabla ya masomo, kupeleka vyakula kwenye nyumba za wazee kwa pikapu ndogo. Halafu, kwa sauti ile ile ya mtu anayesimulia bei ya vitunguu, akaongeza kwamba kijana aliyekuwa akiiendesha aliserereka kwenye theluji karibu na daraja, akatumbukia mtaroni, akavunjika nyonga. Ndiyo maana nafasi iko wazi.

Nikamuuliza, "Sasa huyo kijana yukoje?"

"Anatembelea fimbo, dada, lakini anaendelea vizuri."

Ukaninyang'anya simu, mkaanza kuongea habari za viatu mkicheka. Mimi nilibaki na ile nyonga ya mtoto wa watu. Ninayo mpaka leo.

Wewe hujui kwamba siku ya pili nilimpigia tena. Nilimwomba atafute kazi nyingine, hata ya kuosha vyombo. Akaniambia kwa upole, "Dada, nyingine zimejaa. Na ada haitasubiri." Nikamuuliza basi, hiyo pikapu ina matairi gani. Akafikiri kidogo. "Ya kawaida, nadhani," akasema. "Meusi."

Meusi! Mdogo wangu mimi, binti wa nyumba moja na mimi.

Cheka, lakini sikiliza. Unajua mimi matairi yameniumbua. Unaijua hadithi hii kwa upande wa aibu, maana wajomba zako hawaishi kuisimulia, ila upande wa pili sijawahi kukueleza vizuri. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilipelekwa kwenye stoo ya Laoban Guo, yaani bosi Guo, yule tuliyezoea kununua kwake. Pembeni alikuwa na rundo la matairi ambayo mnunuzi wa nje aliyakataa dakika za mwisho. Nikabonyeza moja kwa dole gumba, kama baba yako, Mungu amrehemu, alivyonifundisha: tairi la tope ni lile linalopokea kucha. Likapokea. Kashata zake, yale mafundo ya mpira yanayokanyaga chini, zilikuwa za kina, na juu ya kila kashata kuna mikato myembamba myembamba, kama mkate uliopitishwa wembe. Bei ilikuwa ya kutupa. Nikaona Mungu ameikumbuka Makete.

Njoroge, yule Mkenya aliyekuwa akinitafsiria kabla wewe hujajua Kichina, akanivuta pembeni. "Mathe, hebu uliza kwanza hizi ni za nini."

"Tairi ni tairi," nikamwambia. "Uliza bei ya mwisho."

Wanatutania sisi Wakinga kwamba tukiona jiwe tunauliza bei. Wangeongeza kwamba hatuulizi jiwe lenyewe ni la nini. Yale matairi yakaenda, yakapanda bara, na masika ile nilisifiwa kila kijiji. Kiangazi kilipofika, kwenye lami ya kuanzia Makambako kushuka, yalilika kama sabuni ya kufulia. Mzee mmoja alibeba la kwake begani, akaliweka juu ya kaunta ya mjomba wako katikati ya wateja. "Mwambie dada yako wa China aniuzie tairi," akasema. "Sabuni ninayo nyumbani."

Baadaye Laoban Guo ndiye aliyenieleza, tena akicheka mpaka anajifuta macho. Yeye ni mtu wa kaskazini ya mbali, kule kunakoganda mito. Yale yalikuwa matairi ya nchi za theluji. Mpira wake umefanywa laini makusudi, kwa sababu kwenye baridi kali mpira wa kawaida unakakamaa kama ubao na hauwezi kushika chochote. Ile mikato ya wembe ndiyo inayong'ata barafu. Mimi nimeyapeleka kwenye jua la Afrika.

Lililobaki ni moja, la sampuli, na ndilo hili nimelikalia. Wewe umelikalia muda wote huu ukichora herufi za Kichina, na mimi nimelifutia vumbi na kulishonea mto, bila hata mmoja wetu kufikiri kwamba tunakaa juu ya kitu ambacho siku moja utakihitaji. Juzi ulipopitiwa na usingizi wa mchana nilijaribu kulipima na begi lako. Usicheke. Nilitoa nguo zako zote, nikalisukuma kwa goti. Halikuingia, na hata lingeingia lisingekusaidia, kwa sababu nitakazokueleza.

Nilikwenda kwa Laoban Guo wiki iliyopita, siku ile nilipokwambia naenda kuangalia mabegi ya shule. Sikukuchukua maana nilijua ungenionea haya. Nilimchukua Njoroge. Tukamkuta Guo na shemeji yake wanakunywa chai, na huyo shemeji naye ni wa kule kule kwenye baridi, aliwahi kuendesha lori la magogo. Nikasema moyoni, leo nimepata walimu wawili kwa mpigo.

Nikaanza na lile ninalolijua. Kwenye tope, wewe mwenyewe umeniona, nilikuwa napunguza upepo kwenye matairi ya nyuma ili yatandaze na kushika. Nikauliza, na kwenye theluji ni hivyo hivyo?

Guo akatikisa kichwa kwa nguvu, "bu xing, bu xing," ile haifai yao. Shemeji akasema inafaa sana. Guo akasema theluji laini labda, lakini barafu ngumu hapana. Shemeji akasema yeye ameendesha na Guo ameuza tu. Guo akasimama. Chai ikamwagika.

"Wanasemaje?" nikamuuliza Njoroge.

"Mathe, hawa wanabishana tu. Huyu anasema ukitoa upepo umeisha, yule anasema usipotoa umeisha."

"Sasa mimi nimwambie nini mtoto?"

"Mwambie apande basi," Njoroge akasema, na nikamchukia kidogo.

Yakawa hivyo kwa kila jambo. Minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, ile tuliyokuwa tunafunga Bulongwa: mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema itakula barabara na polisi watakukamata. Kuondoka kwa gia ya pili badala ya ya kwanza: mmoja ndiyo, mwingine anasema inategemea gari. Nilikuwa nimekwenda na karatasi ya kuandikia. Nikaikunja nikairudisha kwenye mkoba.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Umenisikia nikikwambia hivyo mara ngapi? Sasa mkuu mwenyewe ndiyo huyu, hajui. Kwa hiyo nakwambia neno ambalo sikutegemea kulitamka maishani: juu ya upepo wa matairi usimsikilize mama yako. Wala usifanye kama ulivyoniona nikifanya. Waulize wanaoishi hapo, na ukiona nao wanabishana, msikilize yule ambaye gari lake halina mikunjo.

Yapo machache waliyokubaliana. La kwanza, matairi ya theluji yawe yote manne. Mimi nilikuwa nadhani mawili ya nyuma yanatosha, maana ndiyo yanayosukuma. Guo akachukua kiberiti kiwe gari, akamwaga mafuta ya ufuta juu ya meza, akanionyesha: nyuma pakishika na mbele pasishike, unakata kona na gari linakwenda moja kwa moja. Mbele pakishika na nyuma pasishike, mkia unakuja mbele kukusalimia. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo ukifika, kabla hujagusa hata usukani, toka nje kwenye baridi yenyewe, si ndani ya gereji yenye joto, ubonyeze kila tairi kwa dole gumba kama baba yako. Likiwa gumu kama ubao, nenda kwa mwenye gari umwambie. Mwamkie, cheka naye, halafu umwambie. Usione haya kwamba wewe ni mgeni na umeletwa kwa msaada. Najua utaona haya. Hata hapa, mama mwenye nyumba akikuchemshia maji ya moto kidogo tu unashukuru kama umepewa shamba.

La pili, breki. Hapo sikuhitaji mkalimani, maana shemeji aliponyanyua mguu wake juu juu na kuuweka chini kama anakanyaga yai, nilijua kabisa anasema nini. Kovu langu la kidevu lilijua.

Umeliona kovu hilo maisha yako yote, ukaambiwa ni la gari, yakaishia hapo. Acha nikusimulie. Baba yako alipofariki akatuachia pikapu na deni la shukrani kwa kila mtu, niliamua kuendesha mwenyewe. Viazi kwenda Makambako, chumvi na sabuni kurudi. Pikapu ikiwa na mzigo ilikuwa mtiifu. Ikiwa tupu, nyuma inakuwa nyepesi, magurudumu yanazunguka bure na mkia unacheza. Ndiyo maana kwetu kule, masika, watu wanene walipanda bure na wembamba walilipa nauli. Unamkumbuka mama mchungaji? Asubuhi za mvua madereva walikuwa wanagombania kumpitia, na yeye anajua, anatoka ndani taratibu na mwamvuli wake, anachagua gari. Anapandishwa nyuma, anakalishwa juu ya ekseli hasa, na ile pikapu inatulia. "Leo mnanipenda," alikuwa anasema. "Kiangazi mtanipita kama hamnijui."

Siku ya kovu nilikuwa nimeshusha mzigo, natoka peke yangu. Wewe ulikuwa kwa bibi una surua. Sikumchukua mtu yeyote nyuma kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukufikia, na matairi yalikuwa vipara ambavyo nilikuwa nimevionea huruma mwezi mzima nisivitupe. Kwenye mteremko wa mwisho mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Niliona mbuzi njiani, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Magurudumu yakasimama. Gari halikusimama. Ukitaka kujua unyonge ni nini, Faraja, ni pale: mikono yako iko kwenye usukani, miguu iko kwenye breki, kila kitu umekishika, na hakuna hata kimoja kinachokusikiliza. Gari lilizunguka taratibu, taratibu mno, nikapata nafasi ya kuiona nyumba ya bibi upande wa pili wa bonde na moshi unatoka jikoni. Nikaingia kwenye ukingo. Mbuzi alikuwa amekwishaondoka.

Watu wanasema kuteleza si kuanguka. Aliyesema hivyo alikuwa kwa miguu.

Nilichojifunza pale ni kwamba gari likianza kuserereka, ule mguu unaotaka kukanyaga ndio adui yako. Uondoe. Geuza usukani upande ule ule ambao mkia unakimbilia, bila kuuvuta kwa pupa, na macho yako yatazame unakotaka kwenda. Usitazame mtaro, maana mikono inafuata macho. Kwenye tope niliweza kujifunza hivyo na nikabaki na kovu tu. Kama kwenye barafu ni hivyo hivyo, Guo na shemeji yake wanasema ni hivyo. Nawaamini kwa sababu nataka kuwaamini.

Sasa nakuja kwenye kitu kinachoniuma. Huyo shemeji alisema kwamba baba yake, theluji ya kwanza ilipoanguka, alimpeleka kwenye uwanja mtupu, akashuka garini, akamwambia: kimbiza, halafu funga breki. Tena. Tena. Mpaka mtoto akaacha kuogopa, na mpaka mwili wake ukajua lini gari linamwacha. Njoroge alipomaliza kutafsiri nilijifanya natafuta leso.

Maana nilikumbuka uwanja wa mpira wa Njombe, nilipokufundisha wewe. Unakumbuka? Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya hendibreki muda wote. Gari likiyumba kidogo tu, navuta. Ukikata kona kwa nguvu, nanyang'anya usukani. Ulilia siku moja ukaniambia, "Mama, niache basi hata niharibu." Nikakwambia gari si la kuharibu. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilikuwa nimebaki na wewe na pikapu, na mlikuwa mmekaa mahali pamoja. Kwa hiyo unaendesha vizuri, watu wote wanakusifu, na hujawahi hata siku moja kusikia gari likikutoka mikononi. Hilo nilitakiwa nikupe mimi, pale, kwenye nyasi, ambapo kuanguka kusingekuwa kitu. Sasa utalipata kwenye barafu na mimi niko huku nauliza bei ya mabegi.

Nifanye nini? Viza yangu ni ya kuingia mara moja; nikivuka na wewe kesho hadi Hong Kong sirudi tena hapa. Nitaishia kwenye geti la stesheni kama msindikizaji wa maiti. Nimekasirika kwa ajili ya hilo siku nyingi, na hasira yenyewe sina wa kumpa, ndiyo maana nimekuwa nikikufokea habari za vyombo. Nisamehe kwa vyombo.

Basi fanya hivi. Theluji ya kwanza, mwombe Tumaini akupeleke mahali pa wazi pasipo na nguzo wala watu. Mwambie ashuke. Usikubali akae pembeni yako, yeye naye ni binti wa mama yangu, atavuta hendibreki. Kimbiza kidogo, ufunge breki, uteleze. Ogopa. Rudia. Lia kama unataka, hakuna atakayekuona. Rudia mpaka uchoke.

Na la mwisho ambalo wale wawili walikubaliana, tena bila hata kutazamana, ni uzito wa nyuma. Pikapu ndogo tupu kwenye barafu ni kama ile ya kwetu kwenye tope: mkia hauna adabu. Kule hakuna mama mchungaji wa kumpitia asubuhi. Guo anasema watu wa kwao wanaweka mchanga, kwenye viroba, juu ya ekseli, wanavifunga kwa kamba visije vikaruka mbele. Na ukikwama, unafungua kimoja unamwaga mchanga mbele ya gurudumu.

Kwa hiyo ukifungua begi lako, chini kabisa, chini ya makoti, utakuta viroba viwili vitupu. Usidhani nimesahau uchafu wangu humo, wala usivitupe hata Tumaini akiuliza ni vya nini. Nimevishona mwenyewe, tabaka mbili, kwa uzi ule wa kushonea maturubai, mchana huu huu ulipokuwa sokoni. Tairi limekataa kuingia, lakini kiroba kitupu hakina uzito wa kulipia. Mchanga utaupata huko huko, sijui nchi isiyo na mchanga.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza? Ulikuwa mwembamba kama ufito, umekaa nyuma juu ya magunia, umeshika kamba kwa mikono miwili, na mimi natoa kichwa dirishani nakwambia kaa hapo hapo juu ya ekseli. Nawe unapiga kelele, "Mama, kwani mimi nina uzito?" Nakujibu, "Unao, usisogee." Ukawa unakaa umenyooka kama askari, huchezi wala huongei, mlima mzima.

Hukuwa na uzito wowote, Faraja. Ungeshuka, lile gari lisingejua. Ila nikijua uko pale nyuma nilikuwa nagusa mafuta kwa ncha ya kidole cha mguu. Nilikuwa naiona kona kabla haijafika. Niliyatupa yale matairi vipara, nikala dagaa mwezi mzima ili ninunue mapya. Nimeanguka nikiwa peke yangu, lakini siku zote ulizokaa nyuma yangu hatukuwahi kuteleza hata mara moja.

Vijaze mchanga, uvifunge vizuri. Kila asubuhi kabla hujaondoa gari, tazama kwenye kioo uvione. Sasa ni zamu yangu kukaa nyuma, na nimekaa pale, juu ya ekseli, nimeshika kamba. Sitasogea.

Nasikia hatua zako kwenye ngazi na yule msusi amekusindikiza, bado anaongea.

Mama yako